UZI: Kujifunza kilimo rejeshi kwa mikono yako kwenye mashamba yanayopokea wageni

Koleo na Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanaotaka kwenda kukaa kwenye shamba la mtu, iwe mwisho wa wiki au msimu mzima, wajifunze kilimo rejeshi kwa kushika kazi. Mashamba yanayopokea wageni kwa lengo hilo yameongezeka, na matangazo yao yanafanana: ng'ombe kwenye nyasi ndefu, kikapu cha mboga, na ahadi kwamba hapa udongo unarudishiwa uhai. Nimekuwa mgeni kwenye mashamba kadhaa ya namna hiyo na msimamo wangu ni mmoja. Utajifunza pale utakapopewa koleo, na pale mwenyeji atakapokuonyesha sehemu yake mbaya sambamba na ile nzuri. Shamba linalokutembeza kwenye njia iliyofagiwa kisha likakurudisha mezani limekupumzisha tu.

Kanuni zenyewe nazipita haraka kwa sababu wengi mnazijua. Udongo usitifuliwe bila sababu, usiachwe uchi, uwe na mizizi hai muda mrefu wa mwaka kadiri inavyowezekana, mimea ichanganywe, mifugo irudi shambani kwa mpango. Mtu anaweza kuzikariri kabla chai haijapoa. Kazi iko kwenye kuzitambua ardhini, na hapo ndipo mikono inapohitajika.

Nikifika shambani, jambo la kwanza ninaloomba ni kuchimba. Natoa bonge la udongo lenye upande wa sentimita 20 hivi ndani ya shamba, kisha jingine mpakani, upande wa pili wa uzio, mahali penye udongo wa asili ileile lakini uliotunzwa kwa njia nyingine. Nayaweka yote mawili juu ya gunia na kuyavunja taratibu kwa vidole. Udongo wenye afya huachia punjepunje, na kati ya punje kuna vinjia vya mizizi na vya nyungunyungu. Uliochoka huachia vibamba vyenye kingo kali. Angalia mizizi: ikishuka moja kwa moja, vizuri, ikifika mahali ikapinda na kutambaa pembeni, hapo pana tabaka gumu lililogandamizwa na jembe la trekta au kwato. Hesabu nyungunyungu kwenye mabonge yote mawili, uandike. Halafu nusa. Ile harufu ya mvua ya kwanza inatokana na bakteria wa udongoni, na kwenye udongo uliokufa huipati hata ukiulowesha.

Jambo la pili ni la dakika chache. Chukua donge kavu kutoka kila bonge, uliweke juu ya kipande cha wavu, ulizamishe kwenye glasi ya maji. Moja litashika umbo lake. Jingine litabomoka na maji yatachafuka. Kinacholishikilia lile la kwanza ni gundi zinazotengenezwa na kuvu, bakteria na mizizi, na gundi hizo ndizo zinazoamua kama mvua kubwa itazama au itaondoka na udongo wako.

La tatu linataka kopo lililokatwa pande zote mbili, kipenyo cha sentimita 15. Ligongee ardhini hadi nusu, mimina mililita 450 za maji (ni sawa na mvua ya milimita 25), washa saa. Maji yakiisha, mimina tena kiasi kilekile, na hiyo ya pili ndiyo uiamini zaidi kwa sababu udongo mkavu hudanganya mwanzoni. Rudia nje ya uzio.

Mwenyeji akikuruhusu kufanya haya matatu, na akasimama pembeni kuangalia majibu pamoja nawe, uko mahali sahihi. Karibuni tuchangie.

---

Hesabu Kwanza

Mkuu, nimekusoma vizuri na vipimo vyako navikubali. Ila kuna jambo hujaligusa. Mashamba mengi ya aina hii yanaishi kwa vitanda na milo ya wageni, mazao yanafuata nyuma. Mgeni anaona udongo mweusi, anarudi kwao akiwa na moto, anaacha mbolea za viwandani mara moja, kisha mavuno yanashuka na hana wageni wa kumfidia. Tena palizi pale alikokwenda inafanywa na watu wanaojitolea bila mshahara. Huyo mtu kafundishwa kilimo au kafundishwa biashara ya hoteli?

Silaumu wenye mashamba. Nasema tu kwamba kama hesabu haionyeshwi, somo lina tundu kubwa katikati.

---

Mwenye Shamba

Hesabu Kwanza, swali lako ni la haki na mimi napokea wageni, kwa hiyo nijibu.

Ni kweli, miaka ya mwanzo ya kubadilisha shamba ni migumu. Udongo uliozoea kulishwa naitrojeni ya kiwandani hauna viumbe vya kutosha kuilisha mimea wenyewe, na mavuno hupungua kwanza kabla ya kuanza kuongezeka. Kwetu ada za wageni zilituvusha hapo. Silifichi hilo, na mgeni akiuliza namfungulia daftari: kilichotoka kwa mazao, kilichotoka kwa mifugo, kilichotoka kwa wageni. Mwenyeji asiyetaka kuulizwa swali hilo mimi ningemkimbia.

Italia walilitazama jambo hili mapema. Sheria yao ya utalii wa kilimo ya 1985 iliweka wazi kwamba kupokea wageni lazima kuambatane na kilimo, na kilimo kibaki kuwa shughuli kuu. Naona ni kipimo kizuri hata pasipo sheria. Muulize mwenyeji: wageni wasipokuja mwaka mzima, shamba hili linaendelea kulima?

Kuhusu kazi ya bure, naomba uamini kwamba mgeni asiye na uzoefu si kibarua. Anang'oa miche akidhani ni magugu, anahitaji kuelekezwa, asubuhi nusu inaisha nikiwa naye. Shamba lililopanga hesabu zake juu ya mikono ya wageni limejidanganya lenyewe. Kwetu kazi inayobeba mavuno inafanywa na watu wanaolipwa, na mgeni anafanya kazi inayobeba somo.

---

Hesabu Kwanza

Nashukuru kwa uwazi, ndugu. Naongeza swali moja ambalo kila mgeni alibebe: samadi na mboji zinatoka wapi? Nimeona mashamba yenye udongo wa kupendeza ambayo kila msimu yanaingiza malori ya mboji kutoka nje. Hiyo ni rutuba ya mashamba mengine iliyohamishwa. Inaweza kuwa sawa kabisa, kama ni taka ambazo zingechomwa au kutupwa, lakini mgeni ajue anachokiangalia.

---

Mizizi Hai

Habari zenu wote. Mimi nimezunguka zaidi kama mwanafunzi wa kujitolea, na naomba nizungumzie kazi gani uombe ukiwa huko, kwa sababu kama hukusema utapewa kuchuma mboga hadi siku ya kuondoka.

Omba kujenga lundo la mboji kuanzia chini, na ukae hadi ligeuzwe angalau mara moja. Ukubwa usipungue mita moja kila upande, vinginevyo halishiki joto. Vitu vikavu vya kahawia na vibichi vya kijani vinachanganywa ili kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, lakini hakuna anayepima hivyo shambani. Unajifunza kwa kuona mwenyeji anavyotupa mafungu na kwa kunusa. Likinuka amonia, vibichi vimezidi. Likikaa wiki bila kupata joto, ama ni kavu ama vikavu vimezidi. Unyevu unaupima kwa kukamua konzi moja: yatoke matone mawili matatu, yasitiririke. Joto unalipima kwa fimbo ya chuma iliyochomekwa katikati. Iache dakika kadhaa, ichomoe, ishike. Ikikulazimisha kuachia, lundo liko kwenye nyuzi 55 na kuendelea, na hapo vimelea na mbegu nyingi za magugu zinakufa. Hakuna video itakayokufundisha ile fimbo.

Omba pia kuchora mistari ya kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja, kwa fremu ya A. Fito mbili ndefu, moja fupi ya kuunganisha katikati, kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Kabla ya kuitumia lazima uisahihishe: isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapopita kwenye ufito mfupi, igeuze miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Kisha unatembea nayo ukikata mteremko, kila hatua kigingi. Mtu aliyefanya hivi kwa mchana mmoja anaanza kuuona mteremko mahali ambapo awali aliona tambarare, na kuanzia hapo anaelewa kwa nini makinga maji yamewekwa yalipowekwa.

Ya tatu ni mikunde. Ng'oa mmea mmoja wa mazao ya kufunika udongo, iwe maharage au jamii yake yoyote, kwa kuuchimba pembeni badala ya kuuvuta, ili vinundu vya kwenye mizizi visikatike. Pasua kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu, bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi. Nimeona watu wazima wakinyamaza kwa jambo hili dogo, kwa sababu walisikia "mikunde inarutubisha ardhi" maisha yao yote na hawakuwahi kuangalia.

---

Nyasi Ndefu

Dada Mizizi Hai, umesahau mifugo, na kwa maoni yangu hapo ndipo kukaa shambani kunapolipa zaidi.

Kuhamisha ng'ombe kwa uzio wa umeme unaobebeka kunaonekana rahisi hadi mwenyeji akuulize wewe: leo wapewe eneo kubwa kiasi gani? Ukikosea ukawapa dogo, jioni nyasi zimekwisha hadi shinani. Majani yakiliwa kupita nusu, sehemu kubwa ya mizizi husimama kukua, na nyasi inajenga upya kwa akiba. Ukiwapa kubwa, wanachagua tamu na kuacha ngumu. Unajifunza kukadiria kwa macho, na kesho yake unarudi kuona ulikadiria vipi. Ndiyo maana ziara ya saa mbili haiwezi kukufundisha malisho. Kinachotakiwa kuonekana ni mapumziko ya nyasi, na mapumziko ni siku na wiki.

Ukibahatika kukuta kuku wanaopitishwa nyuma ya ng'ombe, kaa nao. Utaratibu huo umejulikana sana kupitia shamba la Polyface la Joel Salatin huko Virginia, Marekani. Kuku wanaingia siku tatu nne baada ya ng'ombe kutoka, wakati mabuu ya nzi yamenenepa ndani ya kinyesi na bado hayajawa nzi. Wanakichakura, wanakisambaza, na wanakula. Geuza kinyesi kimoja kwa kijiti kabla kuku hawajafika. Kikiwa hakina mbawakawa wala vitundu vinavyoshuka ardhini, mwulize mwenyeji anatumia dawa gani za minyoo, maana baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi na kuua wadudu hao.

---

Mlezi wa Darasa

Naomba msaada wa mawazo. Napeleka watoto wa shule. Wengi mnaongea kama wageni wote ni watu wazima wenye daftari. Watoto wa miaka minane kumi wafanye nini, na usalama ukoje?

---

Mwenye Shamba

Mwalimu, watoto ndio wageni ninaowapenda, maana hawajui wanatakiwa kuona nini, basi wanaona kilichopo.

Wape zoezi la nguo ya pamba. Kila kundi lifukie kipande cha kitambaa cha pamba tupu, kisicho na nyuzi za plastiki, sentimita chache chini ya udongo: kimoja kwenye bustani yenye matandazo, kimoja kwenye njia iliyokanyagwa. Kinafukuliwa baada ya miezi miwili hivi. Udongo wenye viumbe wengi unakila kitambaa hadi kubaki vipande. Huwezi kusubiri miezi miwili na darasa lako, kwa hiyo kubalianeni na mwenye shamba awe amefukia vingine mapema, nyinyi mfukue hivyo na kuwaachia kazi watakaofuata.

Usalama nausema kwa uzito. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye afya kamili wanaweza kubeba bakteria aina ya E. coli wanaoweza kuharibu figo za mtoto. Mikono inaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kila mara baada ya kugusa wanyama, uzio au udongo, na kabla ya kula. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi kwenye mikono yenye tope. Chakula kiliwe mbali na mabanda. Maziwa yasiyochemshwa wasipewe. Chanjo ya pepopunda iwe hai kwa wote, walimu pia. Na kwa upande wangu kama mfugaji, naomba viatu vilivyotoka shamba jingine vioshwe na kutiwa dawa getini, kwa kuwa ugonjwa wa miguu na midomo unaweza kusafiri na tope la kiatu. Shamba lisilokuuliza umetoka wapi kabla ya kukuingiza zizini halijali mifugo yake.

---

Koleo na Daftari

Asante Mwenye Shamba, hilo la getini liwekwe juu ya kila tangazo.

Nirudi kwa jambo ambalo nimeulizwa pembeni: madai ya kaboni. Kuna mashamba yanayowaambia wageni kwamba ukaaji wao unafuta moshi wa safari yao. Naomba tuwe makini. Udongo unaotunzwa vizuri unahifadhi kaboni, hilo halina ubishi. Lakini una ukomo. Pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, shamba la Broadbalk limelimwa ngano tangu 1843, na kuna sehemu inayopewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka. Kaboni yake ilipanda kwa kasi miongo ya mwanzo, kisha kasi ikapungua hadi karibu kusimama. Na tani 35 kila mwaka ni samadi nyingi mno. Swali la Hesabu Kwanza linarudi palepale. Zaidi ya hayo, anayeutifua udongo huo baadaye anaweza kuirudisha kaboni hewani. Madai makubwa zaidi, kwamba malisho ya mpango peke yake yataturudishia hali ya hewa ya zamani, wanasayansi wengi wanayapinga.

Mimi sihitaji dai hilo ili niupende udongo mzuri. Unanywa maji, unavumilia jua, unapunguza gharama za pembejeo, na unayaona haya kwa kopo na saa. Mwenyeji anayeanza na kaboni na kumaliza na kaboni huwa ana machache ya kukuonyesha ardhini.

Kitu kingine cha kuuliza kwa heshima: magugu mnayamaliza vipi? Wanaolima bila kutifua mara nyingi wanategemea dawa za kuua magugu. Wanaolima kilimo hai bila dawa mara nyingi wanalazimika kutifua. Kila shamba linachagua maumivu yake, na mwenyeji mkweli atakuambia lake ni lipi. Taasisi ya Rodale huko Pennsylvania, Marekani, inalinganisha kilimo hai na kile cha kawaida kwenye viwanja vinavyopakana tangu 1981, na hata wao suala la kutifua wamelitenga kama swali la kupimwa.

---

Kijana Mtafutaji

Wakuu mimi sina pesa ya kulipia wiki shambani. Kuna njia?

---

Mizizi Hai

Ipo, ndugu yangu. Njia kongwe ni ya kubadilishana kazi kwa chakula na malazi. Mtandao wa WWOOF ulianza Uingereza mwaka 1971, pale Sue Coppard, aliyekuwa katibu muhtasi London, alipotafuta namna ya watu wa mjini kwenda kufanya kazi mwisho wa wiki kwenye mashamba ya kilimo hai. Sasa uko nchi nyingi. Kawaida ni saa nne hadi sita za kazi kwa siku.

Mambo mawili tu. Kubalianeni saa na siku ya mapumziko kwa maandishi kabla hujafika, na muulize mwenyeji ni saa ngapi kati ya hizo atakuwa nawe. Kama hatakuwepo kabisa, umekuwa kibarua asiye na mshahara. Na ukivuka mpaka wa nchi, soma masharti ya viza, kwa sababu nchi nyingi zinahesabu kazi ya kubadilishana na malazi kuwa ajira.

---

Nyasi Ndefu

Naongeza kwa Kijana: nenda kiangazi. Bei ya chini, wageni wachache, na hapo ndipo kazi ya kurejesha ardhi inapofanyika. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyetunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na kufariki 2023, alifufua ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu kwa kuchimba mashimo ya zai, yaani vishimo vidogo vya kupandia vinavyokinga maji, wakati wa ukavu, akiyajaza samadi na majani makavu. Mchwa walifuata yale majani, wakatoboa njia chini, na mvua ilipokuja ilikuta mahali pa kuingilia. Na alikuwa mwenyeji pia. Wakulima walikuwa wanakusanyika shambani kwake Gourga kubadilishana mbegu na ujuzi. Hakuna aliyekaa kusikiliza tu, watu walikuja na mbegu zao mkononi.

Ukienda msimu wa mvua, kila shamba ni la kijani, hata bovu.

---

Mlezi wa Darasa

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ujumbe wa kwanza kwa mwenye shamba uandikweje ili usionekane unamhoji kama mkaguzi?

---

Koleo na Daftari

Mwalimu, mimi huandika hivi, na wengi hunijibu kwa furaha kwa sababu mkulima anapenda kuulizwa kuhusu kazi yake:

"Habari za shambani. Ningependa kuja kujifunza, hata kama ni siku chache. Ninaomba kuchimba na kupima udongo sehemu mbili, moja unayojivunia na moja inayokusumbua. Ningependa kushiriki kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, yoyote utakayoona inafaa kwa msimu huo. Nimepita kwenye shamba jingine wiki hizi, viatu vyangu nitavisafisha kabla ya kuja na naweza kufuata utaratibu wako wa getini. Ukiwa na muda jioni, nitashukuru kusikia ni jambo gani ulilijaribu hapo ukaliacha, na kwa nini. Matokeo ya vipimo nitakuachia nakala."

Wengine hawajibu. Wanaojibu huanza karibu wote na lile swali la jambo waliloliacha, na hujibu kwa kirefu.